Kerneli yako haikufutwa, imenyang'anywa usukani

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Mwishoni mwa mwaka 2024 niliunda kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yangu mwenyewe kwenye laptopu yenye Debian 12, kwa sababu padi ya kugusa ilikuwa ikigandaganda na nilipata kiraka (badiliko dogo la msimbo) cha mstari mmoja kinachoiponya. Niliipa jina 6.1.119-karakana, nikaifunga kwa apt-mark hold ili isiguswe. Miezi yote ilitulia. Majuzi nimepandisha mfumo kwenda Debian 13. Kuwasha tu, padi imerudi kuganda na kerneli yangu imefutwa. Kufuli nililiweka mwenyewe. Lilipitwaje? Na nifanye nini yasinikute tena?"

Jibu: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa usumbufu. Kabla hujaanza kukompaili upya, fungua terminali uandike amri hizi tatu:

uname -r
ls /boot
dpkg -l 'linux-image*'

Ya kwanza itakuambia kerneli inayoendesha mashine sasa hivi. Natarajia uone jina linaloanza na 6.12 na kuishia na +deb13-amd64. Ya pili na ya tatu ndizo zenye habari njema: kwa jinsi ulivyoeleza, vmlinuz-6.1.119-karakana bado imo ndani ya /boot, na kifurushi chake bado kimeandikwa kwenye daftari la dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, tena na herufi h mwanzoni mwa mstari kuonyesha kwamba kimefungwa. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha, ingia "Advanced options for Debian GNU/Linux", utaikuta humo. Ichague, padi itapona leo leo.

Kwa hiyo kufuli lako lilifanya kazi uliyolituma. Tatizo ni kwamba ulilifunga kwenye mlango ambao hakuna aliyetaka kuupita.

Debian haisasishi kerneli kama inavyosasisha programu nyingine. Ukisasisha Firefox, toleo jipya hukaa palepale pa toleo la zamani, lenye jina lilelile. Kerneli huja na jina jipya karibu kila mara: linux-image-6.1.0-27-amd64, kisha linux-image-6.1.0-28-amd64, na kuendelea. Kwa apt hivyo ni vifurushi viwili tofauti, na vinakaa pamoja bila ugomvi. Kinachovileta ni kifurushi kitupu kiitwacho linux-image-amd64. Ndani hakina kerneli yoyote; kina sharti moja tu, kwamba kerneli ya karibuni iwepo. Ulipopandisha mfumo, sharti hilo lilibadilika likadai 6.12, na apt ikaileta. Kerneli yako haikuguswa kwa sababu hakuna kifurushi kingine duniani kinachoitwa linux-image-6.1.119-karakana. Hata usingeweka hold, isingeguswa.

Basi kwa nini miezi yote ilitulia, halafu ikashindwa siku moja? Hapa ni hesabu ya GRUB. Kila menyu inapoandikwa upya, GRUB huzipanga kerneli zilizomo kwenye /boot kwa namba ya toleo, iliyo kubwa juu, na ile ya juu ndiyo huwaka usipochagua kitu. Kerneli za Debian 12 zilikuwa na jina la 6.1.0 na nyongeza yake, ingawa ndani zilibeba marekebisho ya mbele zaidi. Yako iliitwa 6.1.119. Kati ya 0 na 119 mshindi anajulikana, kwa hiyo kila Debian ilipoleta mpya, yako ilibaki kileleni. Ilikuwa inashinda kwa bahati ya jina. Ilipokuja 6.12, namba ya pili ikawa 12 dhidi ya 1, na hiyo 119 inayofuata haikusomwa hata kidogo. Wengi huisoma 6.12 kama desimali wakadhani ni ndogo. Sivyo, kila namba iliyotengwa kwa nukta inahesabiwa peke yake.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ushauri utakaoupata kwa wengi ni kuongeza makufuli: funga linux-image-amd64, au iondoe kabisa. Inawezekana, na amri ni rahisi:

apt-mark hold linux-image-amd64

Mimi sikushauri. Iache kerneli ya Debian iingie. Kinachotakiwa ni isishike usukani. Ichukulie kama spea tairi ndani ya buti. Siku kerneli yako itakapogoma, labda umekosea mpangilio mmoja au diski mpya haitambuliki, ile ya Debian iliyo mpya na iliyojaribiwa na watu wengi ndiyo itakayokuwezesha kuwasha mashine na kurekebisha. Ukiifunga, spea yako itazeeka hukohuko kwenye buti, na siku ya kuihitaji utaikuta imekwisha upepo. Isitoshe, hold iliyosahaulika ina tabia ya kukwamisha kupandisha mfumo mzima. Ndiyo maana kabla ya kuhama toleo la Debian ni vizuri kuendesha apt-mark showhold na kujua kila kilichomo na kwa nini kimo.

Usukani wenyewe unashikwa hivi. Fungua /etc/default/grub, tafuta mstari wa GRUB_DEFAULT, uwe hivi:

GRUB_DEFAULT=saved

Endesha update-grub. Kisha tafuta kitambulisho cha kerneli yako kwenye menyu iliyoandikwa:

grep menuentry_id_option /boot/grub/grub.cfg

Utaona maneno marefu yanayoanza na gnulinux. Unahitaji mawili: la menyu ndogo, lenye gnulinux-advanced na namba ndefu ya diski yako, na la kerneli yenyewe, lenye 6.1.119-karakana katikati. Yaunganishe kwa alama ya > bila nafasi, uyape grub-set-default ndani ya alama za kunukuu:

grub-set-default 'gnulinux-advanced-NAMBA>gnulinux-6.1.119-karakana-advanced-NAMBA'

Kuna watakaokuambia uandike tu 1>2, yaani menyu ya pili, mstari wa tatu. Usifanye hivyo. Kerneli mpya ikiingia, mistari inasogea, na ile "ya tatu" inakuwa nyingine kabisa. Kitambulisho chenye jina hakisogei.

Tangu hapo Debian inaweza kuleta kerneli kila wiki, zitajipanga kwenye menyu, na mashine itaendelea kuwaka na yako. Ukitaka kujaribu mpya mara moja tu bila kubadilisha chaguo la kudumu, tumia grub-reboot na kitambulisho chake: itawaka nayo safari moja, na safari inayofuata itarudi kwenye yako. Kwa mashine iliyo mbali nawe, amri hii ni dhahabu. Ongeza panic=10 kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, ili kerneli mpya ikianguka (kernel panic) ijiwashe upya yenyewe baada ya sekunde 10; na kwa kuwa safari yake moja imeshatumika, itarudi kwenye ile ya kudumu bila mtu kugusa kibodi.

Sasa, zipo hali ambazo kerneli hubadilishwa kweli, faili juu ya faili, na ni vyema uzijue ili usije ukaingia bila kukusudia.

Ya kwanza ni ukichukua chanzo cha Debian chenyewe kwa apt source linux, ukatia kiraka chako, ukaunda bila kubadilisha jina. Kifurushi chako kitaitwa sawasawa na cha Debian. Siku Debian itakapotoa rekebisho la usalama lenye jina hilohilo na namba kubwa zaidi, apt italiona kama toleo jipya la kitu kilekile na litakaa juu ya lako bila kuuliza. Hapo ndipo hold ina maana. Lakini dawa bora kuliko hold ni jina lako mwenyewe. Wewe uliipa kerneli yako jina, na katika hilo ulifanya vizuri.

Ya pili inakuhusu zaidi, maana inafanywa na mtu mwenyewe: kuunda upya kerneli ileile kwa jina lilelile. Tuseme umebadilisha mpangilio mmoja wa 6.1.119-karakana, umekompaili, umesakinisha. Moduli zote (vipande vya kerneli vinavyopakiwa vinapohitajika) zilizomo /lib/modules/6.1.119-karakana zimefutwa na kuwekwa mpya, ilhali kerneli inayoendesha mashine kwenye kumbukumbu ni ile ya asubuhi. Mpaka uwashe upya, moduli yoyote itakayoitwa inaweza kukataliwa kwa sababu haifanani na kerneli iliyopo hai. Mimi yalinikuta kwenye seva ambayo sikuwa nayo chumba kimoja: nilisakinisha, nikaahirisha kuwasha upya hadi usiku, na mchana kadi ya mtandao ilipohitaji kupakiwa tena moduli yake ikakataa. Ilibidi mtu atembee hadi kwenye mashine. Tangu siku ile kila ninachounda kina namba yake: karakana1, karakana2, karakana3. Majina ni bure.

Nje ya Debian mambo yanatofautiana kidogo. Kwenye Arch, kifurushi cha linux huandika /boot/vmlinuz-linux palepale kila mara, kwa hiyo kerneli yako lazima iwe na pkgbase yake, yaani jina lake la kifurushi. Fedora huziweka kerneli bega kwa bega kama Debian, ila kwa kawaida hubakiza 3 tu, na mpya ndiyo hushika usukani mpaka uandike UPDATEDEFAULT=no kwenye /etc/sysconfig/kernel. Kwenye Raspberry Pi, matoleo ya zamani ya mfumo wake yaliandika kernel8.img juu ya iliyokuwapo. Dawa ni kuipa yako jina lingine na kulitaja kwenye config.txt kwa mstari wa kernel=.

Turudi kwako. Utalazimika kuunda upya wakati fulani, na nitasema sababu hapa chini, kwa hiyo wacha nikupe njia ninayoitumia. Pakua chanzo kutoka kernel.org, nakili mpangilio wa Debian kutoka /boot uwe faili la .config, endesha make olddefconfig, kisha rekebisha mambo mawili yanayowakwamisha wengi. Mpangilio wa Debian unataja vyeti vya Debian ambavyo wewe huna, na kazi itakatika njiani kama hukuviondoa:

scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""

Jambo la pili ni taarifa za utatuzi. Zizime kwa kuchagua DEBUG_INFO_NONE ndani ya make menuconfig, la sivyo moduli zitavimba, initrd (faili dogo la kuwashia linalobeba moduli za mwanzo) itavimba nazo, na /boot iliyotengwa kwenye sehemu yake ndogo ya diski itajaa. /boot iliyojaa ni sababu mojawapo ya kupandisha mfumo kukatika katikati, na ukikatika hapo initrd ya kerneli mpya inaweza kubaki nusu.

Kisha:

make -j"$(nproc)" LOCALVERSION=-karakana2 bindeb-pkg

Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari tu kwenye jina; herufi kubwa na mstari wa chini havikubaliki kwenye majina ya vifurushi vya Debian. Zima pia LOCALVERSION_AUTO kama chanzo chako ni cha git, maana itabandika msimbo wa git kwenye jina, na kila ukigusa mstari utapata kerneli yenye jina geni. Utakuta faili za .deb kwenye folda iliyo juu ya chanzo. Sakinisha ya linux-image na ya linux-headers kwa dpkg -i. Usisakinishe linux-libc-dev, hiyo ni ya mfumo mzima, mwachie Debian.

Faida ya kutengeneza .deb, badala ya make install, ni kwamba kerneli yako inakuwa raia halali wa mfumo. Initrd inatengenezwa yenyewe, menyu ya GRUB inaandikwa yenyewe, na ukiichoka unaiondoa kwa apt purge ikaondoka na moduli zake zote. Iliyowekwa kwa make install haina kumbukumbu popote. Utaifukuza faili moja moja. Na usihofu apt autoremove: ulichosakinisha kwa mkono kwa dpkg -i kinahesabiwa kuwa ulikitaka, kwa hiyo hakifagiliwi. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba hakuna atakayekufagilia. Bakiza mbili zako, nyingine ziondoe.

Kama laptopu yako ina Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha) iliyowashwa, kerneli isiyo na saini itakataliwa kabla hata haijaanza. Kwa kuwa 6.1.119-karakana ilikuwa ikiwaka, bila shaka uliizima au uliandikisha ufunguo wako kwa mokutil. Kama ni ufunguo, kumbuka kila mpya lazima isainiwe nao.

Sasa ile sababu. Kerneli uliyoiunda mwishoni mwa 2024 bado ni ya mwishoni mwa 2024. Kila tundu lililozibwa tangu hapo, kwako liko wazi. Watu wa kerneli hutoa matoleo ya marekebisho karibu kila wiki, na tangu Februari 2024 wao wenyewe ndio wanaotoa namba za CVE, yaani vitambulisho vya matundu ya usalama, za matundu ya kerneli, kwa hiyo orodha imekuwa ndefu. Mengi hayatakugusa. Lakini kumbuka Dirty Pipe, iliyotangazwa na Max Kellermann Machi 2022: kosa lililoingia na toleo la 5.8, lililomruhusu mtumiaji wa kawaida kabisa kuandika ndani ya faili asiyo na ruhusa ya kuliandika, hata faili la root, msimamizi mkuu wa mfumo. Lilizibwa kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Aliyekuwa na kerneli ya Debian alipata dawa kwa apt upgrade. Aliyekuwa na kerneli yake aliyoifunga na kuisahau alibaki na mlango wazi, na hakuna programu iliyomwambia.

Huo ndio uzito unaoubeba. Siupunguzi, kwa sababu nimeona mashine nyingi zenye kerneli ya miaka mitatu ambayo mwenyewe anaiita "imara". Ukiamua kuendelea na yako, jiwekee siku moja kila mwezi: shusha toleo la karibuni la mfululizo wako, tia kiraka, kompaili, jaribu kwa grub-reboot, kisha uifanye ya kudumu.

Ila kabla ya hapo nataka tuulize swali ambalo hukuliuliza: kiraka cha mstari mmoja kinahitaji kerneli nzima?

Washa laptopu na kerneli ya Debian, ile ya 6.12, uandike:

dmesg | grep -i synaptics

Kama padi yako ni ya Synaptics, kuna uwezekano mzuri utaona ujumbe unaosema padi hii inaweza kuzungumza kupitia njia nyingine, na kwamba unaweza kujaribu kigezo cha synaptics_intertouch. Viraka vingi vya mstari mmoja vya padi hizi hufanya jambo hilohilo: vinaongeza kitambulisho cha laptopu moja kwenye orodha iliyomo ndani ya drivers/input/mouse/synaptics.c. Linganisha na kiraka chako. Kama ndicho, huhitaji kukompaili chochote. Jaribu papo hapo, ukiwa na maus ya USB pembeni:

modprobe -r psmouse
modprobe psmouse synaptics_intertouch=1

Padi ikipona, andika mstari huu kwenye /etc/modprobe.d/psmouse.conf, uendeshe update-initramfs -u, basi:

options psmouse synaptics_intertouch=1

Faili hilo ni lako, liko ndani ya /etc, na hakuna kupandisha toleo kutakakoligusa. Unabaki na kerneli ya Debian, marekebisho yake yote ya usalama, na padi inayofanya kazi.

Kama kiraka chako ni cha aina nyingine, lakini kinagusa moduli moja tu, bado ipo njia ya katikati: DKMS. Unaweka chanzo cha moduli hiyo peke yake, pamoja na kiraka, ndani ya /usr/src, na unasakinisha linux-headers-amd64. Kila Debian inapoleta kerneli mpya, DKMS inaikompaili moduli yako kwa ajili ya kerneli hiyo na kuiweka kwenye folda ya updates, ambayo hutafutwa kabla ya ile ya kawaida. Unabeba kiraka, hubebi kerneli. Mara chache itagoma, pale watu wa kerneli wanapobadilisha kitu ambacho moduli yako inakitegemea, na ikigoma kompyuta bado itawaka, padi tu ndiyo itakayolalamika.

Na kama ni kile cha kitambulisho, kitume. Ule ujumbe wa dmesg wenyewe unaomba uripoti kwenye orodha ya barua pepe ya linux-input, na scripts/get_maintainer.pl ndani ya chanzo itakuonyesha uwaandikie akina nani. Mstari mmoja wenye kitambulisho cha laptopu yako na maelezo kwamba umeujaribu ni kiraka halali, na watu hukubaliwa kwa viraka vidogo kama hivyo mara kwa mara. Ukishaingia kwenye kerneli ya wote, utakufikia wewe na kila mwenye laptopu kama yako kupitia linux-image-amd64 ileile uliyotaka kuifunga.